Grafu Nusura Iuze Mbuzi wa Mjomba

Kama una kijana nyumbani anayejifunza tarakilishi, ama wewe mwenyewe ni mwanafunzi unayeogopa hesabu, hebu nikusimulie yaliyonipata Isiolo likizo ya Agosti, mwaka wa 2025.

Mjomba wangu anaishi Bulapesa, na ni mtu wa daftari. Kila mwezi huandika bei ya mbuzi wa kadiri katika soko la mifugo la mjini. Nilipoliona daftari lile nikajitia ujuzi. "Mjomba," nikamwambia, "nitakuchorea grafu uione bei kwa macho."

Ziko maktaba za programu, yaani mikusanyo ya kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine ili mimi na wewe tusianzie sufuri. Niliyoichagua inaitwa Plotly. Ilitengenezwa na kampuni ya Montreal, Kanada, ambayo mwaka wa 2015 iliiachilia kodi yake wazi, kwa hivyo huilipii hata senti. Ukiwa na lugha ya Python kwenye tarakilishi, unaandika amri moja tu, pip install plotly pandas, na intaneti inafanya mengine. Kisha unaiita kwa import plotly.express as px, unaorodhesha miezi na bei, unaandika fig = px.line(x=miezi, y=bei), na mwisho fig.show(). Basi! Chai yangu haikuwa imepoa.

Uzuri wa grafu hii ni kwamba si picha iliyokufa. Ukigusa nukta yoyote, inakutajia mwezi na bei. Tena kwa fig.write_html unaihifadhi kama faili inayofunguka katika simu hata pasipo mtandao. Nikamtumia Mjomba.

Mzee akaitazama simu, akanyamaza. Mstari ulikuwa umepanda kidogo mwezi wa pili, kisha ukaporomoka kama jiwe kutoka mlimani hadi chini kabisa mwezi wa saba.

"Kumbe tumekwisha!" akasema. "Jumanne napeleka wote kumi na wanne."

Mbuzi hao, msomaji, ndio waliokuwa karo ya muhula wa tatu na ya mwaka uliofuata. Nami, badala ya kumzuia, nilikuwa nikijisifu moyoni jinsi grafu ilivyomgusa!

Aliyetuokoa ni kitinda mimba wake, msichana wa kidato cha pili. Aliichukua simu, akagusa nukta ya juu kabisa: 6,100. Akagusa ya chini: 5,700. "Baba, si shilingi mia nne tu hizi? Na wewe kaka, mbona huku pembeni hesabu yako haianzi sufuri?"

Niliona haya. Plotly ikichora mstari huukaza ujae nafasi yote. Isipoambiwa, haianzii sufuri. Upungufu usiofika shilingi saba katika kila mia ulikuwa umevishwa nguo za maangamizi. Dawa yake ni mstari mmoja, fig.update_yaxes(rangemode="tozero"). Nilipouongeza, mteremko ukawa kama barabara ya kawaida. Mjomba akauza wawili, akalipa karo ya muhula.

Lakini hakuniachilia. "Umechora mbuzi peke yake," akasema. "Mahindi je?" Akanikumbusha ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo: mbuzi walikonda na bei yao ikashuka, unga nao ukipanda. Kwake bei ya mbuzi haina maana mpaka ajue mbuzi huyo atamnunulia kilo ngapi za mahindi. Ndiyo sababu hata taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame huziweka bei hizo mbili pamoja.

Sasa ninagawa bei ya mbuzi kwa bei ya kilo, mwezi baada ya mwezi, nichore upya. Safari hii binti yule ataigusa kwanza kabla baba yake hajaiona.