Mfupa na Metali

Tumezoea, msomaji mpenzi, kusifu kitu laini. Meza iliyopigwa randa husifiwa, na sahani ing'aayo husifiwa. Walakini mtazame mwashi kabla hajapiga lipu: akikuta ukuta wa zege ni laini mno, huudonoadonoa kwa nyundo na patasi mpaka uparuze, kisha huurashia maji. Lipu haishiki ukuta unaoteleza, wala ukuta mkavu. Aelewaye sababu ya desturi hiyo amekwisha kupiga hatua ya kwanza katika elimu ya kupandikiza metali mwilini mwa binadamu.

Metali ipendwayo sana kwa kazi hiyo ni titani. Katika miaka ya 1950, huko Lund nchini Uswidi, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichungua mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa kidogo cha titani. Alipotaka kukitoa hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 alimtia mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani katika taya, nazo zilishika meno yake ya bandia kwa miaka 40. Mifupa ya bandia nayo mara nyingi hutengenezwa kwa titani iliyochanganywa na aluminiamu sehemu 6 na vanadi sehemu 4 katika kila sehemu 100.

Lakini mfupa haugusi kiini cha metali. Hugusa ngozi yake tu. Kwa hiyo siku hizi skrubu nyingi hupigwa kwa chembe ngumu mfano wa mchanga, kisha huoshwa kwa asidi, zipate vilima na mabonde ya kadiri ya maikromita 1 au 2, hali unywele mmoja una unene wa maikromita 70 hivi. Seli za mfupa hupata pa kushika. Mparuzo ukizidi, vijidudu nao hupata maficho; ndiyo sababu sehemu iguswayo na ufizi mara nyingi huachwa laini.

Hata hivyo, mgeni wa kwanza kufika si seli za mfupa, ni damu, nayo sharti ienee katika kila bonde. Dondosha tone la maji juu ya jani la nduma: litasimama kama ushanga na kuviringika. Jani hilo lina nta, na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho huzidisha tabia ya nta ya kukataa maji. Titani ni vivyo hivyo. Ikiwa safi kabisa, maji hutandaa juu yake, na mparuzo huzidisha kutandaa huko. Ikikaa hewani, uchafu wenye kaboni huipaka, na mparuzo ule ule huzidisha kukataa. Basi watengenezaji wengine huihifadhi ndani ya maji ya chumvi mpaka saa ya kupandikizwa, wengine huimulika kwa miali ya urujuanimno.

Mimi mwenyewe nina skrubu ya namna hiyo, mahali pa jino nililopoteza katika kandanda. Gharama yake, kwa mshahara wa mwalimu, haikuwa mzaha. Miezi mitatu nilitafunia upande mmoja, na kila usiku niliuliza moyoni kama mfupa umekubali au umekataa, kwa maana hakuna maumivu wala dalili ya kumjulisha mtu. Siku ilipofika daktari aliikaza kwa kifaa chake, naye akanyamaza kitambo kilichonitoa jasho. Haikutikisika. Sasa upande huo hutafuna mahindi ya kuchoma.