Mtoto wa Maswali Penye Maporomoko ya Wagenia

Mto tunaotaka kuwasimulia leo ni mkubwa sana, lakini habari yenyewe ni ya mtoto mdogo.

Tulifika Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville hata mwaka 1966, tukapokewa na familia moja ya Kikristo. Kesho yake, baada ya Misa, tulikwenda kuyatazama maporomoko ya Wagenia, tukifuatana na mwana wa wenyeji wetu, mwenye umri wa miaka 10. Hapo mto Lualaba humaliza maporomoko yake saba, yaliyotapakaa katika mwendo wa kilometa 100 hivi, na tangu hapo huitwa Kongo. Meli zitokazo Kinshasa hukoma katika mji huu, kwani juu yake mawe hayapitiki.

Katikati ya maji yaendayo kwa nguvu Wagenia wamesimamisha miti mirefu, imekazwa katika mashimo ya mwamba na kufungwa kwa kamba za msituni. Katika miti hiyo hutungikwa madema makubwa, mdomo mpana, mkia mwembamba. Samaki husukumwa ndani na mkondo, wala hana nguvu za kugeuka arudi.

Sisi tulitoa daftari, tukakisia urefu wa miti, tukaandika, tukajiona tumekwisha kuyajua yote. Ndipo mtoto akamwuliza mvuvi mmoja mzee: “Baba, yule aliyesimamisha mti wa kwanza kabisa, alishika wapi?”

Tulimnyamazisha. Twaona haya kuliandika jambo hili, lakini ndivyo tulivyofanya, maana tulidhani mzee atachukizwa. Kumbe mzee alicheka sana, akaacha kazi yake. “Mwanangu,” akasema, “na mimi nilimwuliza babu yangu hivyo hivyo. Aliniambia ningoje mto upungue.” Akaeleza jinsi maji yapunguapo miamba huonekana, na mashimo yaliyochimbwa na mkondo wenyewe hujulikana moja moja, kisha akamshika mtoto mkono akamwonyesha jinsi ya kukaza fundo. Tulisimama kando na daftari letu. Wakati wote ule hatukuwa tumemwuliza mzee neno hata moja, ila bei ya samaki.

Katika katekisimu tulifundishwa vipaji saba vya Roho Mtakatifu, na udadisi haumo katika hesabu hiyo. Tena Mtakatifu Toma wa Akwino aliuonya udadisi mbaya, yaani kutaka kujua ili kujivuna, au kuchungulia mambo ya jirani ili kumdharau. Lakini mwalimu huyo huyo aliisifu bidii ya kutafuta elimu akaihesabu kuwa fadhila. Musa naye alikiacha njiani alichokuwa akikifanya, akageuka kutazama kwa nini kijiti hakiteketei, na Mungu akamwita alipoona kwamba amegeuka. Je, kama angalipita tu na kondoo zake?

Chini kidogo ya mji iko Yakusu, ambako John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, alifika mwaka 1938. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini hilo halituzuii kumsifu. Siku moja alikwenda kijijini bila kuarifu mtu, akakuta Wakristo wamekwisha kukusanyika kumngoja. Ngoma ilikuwa imetangulia na habari. Wageni wengi walikuwa wameisikia ngoma ile ya gogo wakaiona kelele tu. Yeye aliuliza, akajifunza kuipiga. Akatambua kwamba gogo lina sauti mbili, ya juu na ya chini, kama lugha ya Walokele yenyewe. Na kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa sauti hizo, mpigaji hurefusha kila neno kwa sentensi nzima, ili msikiaji asikosee. Kitabu chake juu ya ngoma hizo kilitoka mwaka 1949.

Tuliporudi mjini jioni, mtoto alitaka kujua matundu yaliyo katika ukuta wa nyumba moja ya zamani ni ya nini. Tulimwambia kwamba tangu tarehe 5 hata 10 Juni, mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana humu mjini, na raia mamia wakafa. Akatembea kidogo, kisha akasema: “Lakini wote wawili walikuwa wageni. Kwa nini walikuja kupigania kwetu?”

Safari hii hatukumnyamazisha, ila hatukuwa na jibu lililotutosha hata sisi wenyewe. Tulisema maneno mawili matatu juu ya almasi na tamaa ya wakubwa. Alitusikiliza kwa adabu, akaona wazi kwamba hatukumaliza.

Nyumbani alimkuta bibi yake akichambua sombe, akalirudia swali lile lile. Baba wa nyumba alishtuka akatutazama, kwani, kama alivyotueleza baadaye, tangu siku zile mama yake hakupenda kuzitaja, na watoto hawakuthubutu kumwuliza. Sisi nasi tulitamani ardhi itumeze. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaweka majani chini, akafuta mikono, akamvutia mtoto kigoda.

“Keti,” akasema. “Siku ile ya kwanza ilikuwa Jumatatu.”