Nyumba ya Mkasi

Likizo kubwa iliyopita nilimsindikiza dada yangu mkubwa mpaka Mombasa kufuata mizigo yake. Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua njia hiyo: Kasindi, Kampala, Malaba, kisha bandarini. Karatasi zilipochelewa, tulipanda matatu ya kwenda Malindi tukashukia Gede, mji wa kale wa Waswahili. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia.

Nilidhani nitaona mawe tu. Kumbe ni mji mzima ndani ya msitu: ukuta, msikiti mkubwa, nyumba ya mfalme. Kaburi moja limeandikwa mwaka, ambao kwa hesabu yetu ni 1399. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mizizi ya miti imezikumbatia.

Nilitazama kwa macho ya mama. Nyumba zina vyoo ndani, na visima viko karibu. Miaka mia sita iliyopita! Kwetu Butembo, watoto wengi bado wanapanda mlima na bidoni za maji kabla ya shule.

Wenyeji wa Gede walipenda biashara kama sisi. Sahani zao zilitoka mpaka China. James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948, na nyumba nyingine zikapewa jina la kitu kilichookotwa ndani: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Mkasi.

Kwenye Nyumba ya Mkasi nilisimama. Karne ya 17 mji ulikuwa umeachwa. Wachunguzi wanataja maji kupungua visimani na mashambulio. Nilimkumbuka mama mmoja wa mwanafunzi wangu, aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti. Aliacha cherehani barazani, nguo ikiwa bado chini ya sindano.

Mwenye mkasi ule hatumjui jina wala watoto wake. Sisi tungali hai, tunaweza kusema. Watoto waliozaliwa ukimbizini hawajui kijiji chao kinaitwaje, jirani alikuwa nani, wala nani alipanda mti wa avoka nyuma ya jiko.

Katika mkutano wetu ujao, kila mama aliyekimbia atueleze nyumba yake. Asiyejua kuandika asiogope. Nitaleta daftari na kalamu, nami nitamwandikia.