Gari la Baba, Termostati na Mabati ya Mama

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Wapo walioniuliza kama naumwa au nimehama gazeti. Hapana jamani. Nilikuwa chini ya gari.

Mliowahi kufika nyumbani kwetu Mabatini mnalijua gari lenyewe. Ni BMW 325i nyekundu ya milango minne, lile umbo la boksi ambalo wapenzi wake huliita E30. Kwetu ni juu kwenye mawe, gari halipandi, kwa hiyo tangu 2014 lilikuwa limelala chini ya mwembe kwa jirani yetu wa bondeni. Kuku walishatagia kwenye kiti cha nyuma. Watoto wa mtaa walishaliendesha hadi Nairobi na kurudi, kwa midomo.

Mwezi wa tatu jirani alimwambia mama, kwa adabu zote, kwamba anataka kujenga fremu za maduka pale. Wiki hiyohiyo vijana wa chuma chakavu wakapita, wakalizunguka gari, wakataja bei. Mama akanipigia simu nikiwa kazini.

"Baba, mimi naona tuliuze tu. Nyumba inavuja, na hiyo hela inatosha mabati thelathini."

Mtu anayeishi Mabatini chini ya bati linalovuja hana haja ya kunihubiria. Nilijua mama ana haki. Nikamwomba miezi mitatu, nikamwahidi kwamba mabati hayo 30 yatakuwa deni langu, gari lipone lisipone. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, mwandishi wa habari." Mama akiniita kwa kazi yangu, ujue hajaridhika.

Sasa niwaeleze gari lilivyofika kwetu. Baba alikuwa dereva. Migodi mikubwa ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa ilipoanza, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001, walikuja wageni wengi kutoka Afrika Kusini. Bosi mmoja aliyekuwa akiendeshwa na baba alikuja na gari lake. Alipoondoka 2004 alimwachia baba kwa bei ya kutupa, akilipwa kidogo kidogo.

Wenzetu wa Afrika Kusini wana historia na gari hili. Kiwanda cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kilikuwa cha kwanza cha BMW nje ya Ujerumani, na E30 ziliundwa hapo. M3 ya umbo hilo, ile ya mashindano, ilitengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, kwa hiyo wao wakajitengenezea 325iS yao ya usukani wa kulia. Kabla ya hapo, kati ya 1985 na 1987, walikuwa wameunda 333i, magari kama 200 hivi, kwa kuchukua injini kubwa ya silinda 6 ya 7 Series na kuipachika kwenye kibodi hiki kidogo. Kule vitongojini E30 wanaiita Gusheshe, na mpaka leo vijana huizungusha viwanjani huku umati unapiga mayowe.

La baba halikuwahi kuzungushwa uwanjani. Lilitupeleka kanisani, Musoma kwa bibi, na mara moja moja, mama akiwa hayupo, lilitupeleka kasi. Nilikuwa naketi mbele nikisikia ile sauti ya silinda 6 inavyopanda. Baba alikuwa hasemi kitu. Alikuwa anatabasamu tu.

Halafu gari likaanza kuchemsha. Likapelekwa gereji moja, likatengenezwa, likachemsha tena. Mara ya tatu, tukitoka Musoma, lilitoa moshi mweupe. Tukavutwa na lori hadi Mabatini, na safari ikaishia pale chini ya mwembe. Baba alifariki 2019. Kila Jumapili hadi alipoanza kuugua alikuwa akishuka kulifuta vumbi.

Basi nikaanza kutafuta fundi. Kuna gereji moja karibu na Barabara ya Nyerere ambako jioni za Jumapili hukutana vijana wenye mikweche ya Kijerumani. Huyu ana Benzi W124, yule ana E36 aliyoikuta imeoteana na nyasi, mwingine ana Golf ya babu yake. Hawana hela nyingi, msije mkadhani. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwetu ruksa, ila kadiri gari linavyozeeka ndivyo ushuru wa uchakavu unavyouma. Kwa hiyo magari haya mengi ni yale yaliyokwishaingia zamani. Likifa moja, linakuwa spea ya mengine.

Nilipowaeleza shida yangu walicheka. Kijana mmoja akasema, "Kaka, toa hiyo injini. Weka 1G ya Mark II, silinda 6 vilevile, spea ziko kila kona." Mwenye Benzi akakasirika, akasema BMW yenye injini ya Toyota ni sawa na kumvalisha marehemu suti ya mtu mwingine. Wa kwanza akamjibu kwamba hata BMW wenyewe walibadilisha injini kwenye ile 333i, sasa dhambi iko wapi? Wakabishana hadi giza likaingia. Nami nilikuwa nakubaliana na kila anayesema mwisho.

Fundi mwenyewe, mzee wa miaka 60 na ushee, alikuwa kimya anaosha spana kwa petroli. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo injini unayotaka kuitoa, inaumwa nini?"

"Inachemsha, mzee."

"Kuchemsha ni dalili, kijana wangu. Nimekuuliza ugonjwa."

Sikuwa na jibu. Miaka 11 gari linalala, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua lilikuwa linaumwa nini.

Tukalivuta Jumamosi iliyofuata. Alipoliona tu lile jekundu lililopauka akauliza, "Hili si la yule mzee dereva?" Akaingia stoo, akatoka na pakiti bapa yenye vumbi iliyokuwa imening'inia kwenye msumari. Ndani yake kulikuwa na hedi gasketi mpya, haijaguswa. Akasema baba aliagiza Dar, Gerezani, akamletea aitunze. Aliahidi kwamba akipata hela ya kuchongesha hedi atalivuta gari. Fundi hakumwona tena.

Kazi ikaanza. Cha kwanza alichofungua mzee hakikuwa injini bali kifuniko cha termostati. Akachungulia, akaniita. Ndani palikuwa patupu.

Wadau, hapa naomba mnisikilize hata kama hamna gari. Mafundi wetu wengi wana imani kwamba termostati ni kitu cha nchi za baridi. Gari likichemsha wanaing'oa, wanasema maji sasa yatapita bila kizuizi. Mzee akanichorea chini kwa kijiti. Injini ikiwa baridi, termostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili ipate moto haraka. Ikifika nyuzi 80 hivi inaanza kufunguka. Lakini kwenye injini hii ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Inapofunguka, upande wake wa pili huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto yanazunguka humohumo bila kuiona rejeta. Mjini hutaona tatizo. Panda mlima na mzigo, tena kwa mwendo, ndipo utaona.

Kwa hiyo ile dawa ndiyo iliyoua. Gari lilichemsha mara ya kwanza, pengine kwa rejeta iliyoziba tu. Wakang'oa termostati, wakajaza maji ya bomba, na maji ya bomba yakala hedi ya alumini taratibu. Baba alilipa kila mara. Alilipia ugonjwa.

Nilikasirika, nikataka kuifuata ile gereji. Mzee akaniambia nishike tochi vizuri.

Hedi ilikuwa imepinda, lakini haikupasuka. Tukaipeleka kuchongwa. Nikadhani sasa tutafunga ile gasketi ya baba. Mzee akatikisa kichwa. Hedi ikichongwa inapungua kimo, inahitaji gasketi nene zaidi, na ile ilikuwa ya kawaida. Ikabidi niagize nyingine, pamoja na mkanda wa taimingi. Huo mkanda nao haucheleweshwi. Kwenye injini hii ukikatika ukiwa mwendoni, valvu zinagongana na pistoni na habari inaishia hapo. Vitu vikaja na basi kutoka Dar. Rejeta ikasafishwa, termostati mpya ikafungwa, tukajaza kuleanti badala ya maji matupu, halafu mzee akanionyesha kabolti kadogo juu ya kifuniko cha kutolea hewa. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa tukisubiri mapovu yaishe. Jumla yote, mishahara yangu miwili na chenji.

Jumapili iliyofuata vijana wote walikuwepo, na yule wa 1G pia. Gari likakohoa mara mbili, likatoa moshi wa miaka 11, likanguruma. Wa Benzi alipiga yowe. Mimi niliangalia pembeni, maana nilikuwa na kitu jichoni.

Nikamchukua mama. Alikaa mbele, kitenge kikiwa kimetandikwa juu ya kiti kwa sababu ya mambo ya kuku. Tukapita mjini, Mkuyuni, Buhongwa, hadi Usagara, tukakata kwenda Kigongo. Zamani tukifika pale tulizima gari na kupanga foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya ziwa. Nilikuwa natazama mshale wa moto kuliko barabara. Ulisimama katikati, haukutikisika kwenda wala kurudi.

Katikati ya daraja nikamuuliza mama kwa nini baba hakurudi kwa fundi mwaka ule wa 2014. Aliangalia maji kwa muda.

"Si ndiyo mwaka ulioingia kidato cha kwanza? Bweni."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena. Tulipofika Busisi akasema gari linanuka kuku.

Watu wananiuliza kama ilistahili. Kwa hesabu ya hela, sijui nitawadanganyaje. Bado linavuja oili kidogo, na rangi imepauka. Yule kijana wa 1G hakukosea, kuna injini ambazo kweli zimekufa na kuzibadilisha ni busara. Ninachomshukuru mzee ni lile swali lake. Tulikuwa tayari kuitupa injini, na gari zima, kwa kosa la kitu kinachoenea kiganjani, kwa sababu hakuna aliyeuliza inaumwa nini. Nikiwa ofisini siku hizi, kabla sijaandika kwamba mradi fulani umekufa, najitahidi kuuliza hivyohivyo.

Ile gasketi ya baba iko kwenye buti, ndani ya pakiti yake. Haina kazi, lakini siitoi.

Mabati hadi leo nimenunua 12. Bado 18, na mvua za vuli hazisubiri mshahara. Mwenye kujua zinakopatikana raba za milango ya E30 kwa bei ya kibinadamu anitafute, ila baada ya mabati. Mama anasoma hapa pia.