Nimechagua ploti ya mteremko Garissa, chekeni tu

Wasee, Garissa ni tambarare kama chapati. Nilipomwambia abti nataka ile ploti iliyoinama, aliniuliza: "Sasa utalala ukibiringika?"

Mimi naangalia Tana. Mvua ikizidi kule Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga na Kiambere yanajaa na kumwagika, halafu maji yanatufikia hata kama hapa halijanyesha tone. Novemba 2023 mto uliingia kwa manyumba. Aprili 2024 ukarudi, barabara ya Madogo ikakatika, watu wakavuka kwa boti, na moja ikazama na abiria. Ploti za karibu na mto, na hiyo miembe yake, zinapendeza Januari tu.

Gharama iko, sikatai. Fundi anasema msingi utashuka kwa ngazi, upande wa chini ule mawe na simiti zaidi, na juu ya nyumba tuchimbe mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Kwa hivyo sebule itakuwa ndogo. Hooyo amekubali, bora choo kikae upande wa chini, mbali na tangi la maji. Hapo hata abti hakubisha.