Kijiji cha Miti Midogo na Dawa ya Vidonda Vyake

Kaskazini ya Tokyo, mwendo wa reli wa kiasi cha kilomita 30, upo mtaa wa Omiya ambao Wajapani huuita kijiji cha bonsai. Bonsai ni mti halisi, msonobari au mwingineo, uoteshwao katika chombo kifupi cha udongo na kuzuiwa usirefuke, hata mti wenye umri wa babu wa babu ukaweza kubebwa na watu wawili.

Kijiji hicho kilizaliwa na msiba. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi liliangamiza sehemu kubwa ya Tokyo. Watunzaji wa bonsai wa mji huo wakatafuta mahali penye nafasi, maji safi na udongo mwema, na kuanzia mwaka 1925 wakahamia Omiya. Mwaka 1928 wakajiwekea masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, awafungulie wageni bustani yake, asijenge nyumba ya ghorofa, na uzio wake uwe wa miti hai. Vita Kuu ya Pili ilikaribia kukimaliza kijiji, na bustani zilizopo leo ni chache kuliko za miaka ya 1930.

Mgeni huja kutazama udogo wa miti, lakini mwenye jicho hutazama makovu yake. Mti haupati umbo bila kukatwa, na tawi nene kama kidole gumba likiondolewa katika shina lenye unene wa mkono, jeraha hilo si dogo. Mtunzaji hukata kwa koleo lenye kinywa cha mviringo, liachalo kishimo. Mti mpya ufunikao jeraha hufura. Pasipo kishimo kile, kinundu kingebaki miaka mingi. Kisha kingo husawazishwa kwa kisu kikali na kupakwa bandiko.

Mabandiko huuzwa madukani, lakini lipo la nyumbani, ambalo wakulima wa matunda wamelitumia tangu zamani kuunganishia vikonyo. Kwa uzito, ni utomvu mkavu wa msonobari sehemu 4, nta ya nyuki 2, na shahamu ya ng'ombe 1. Nta na shahamu huyeyushwa kwanza, kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwani vitu hivi hushika moto upesi. Utomvu uliosagwa hufuata kidogo kidogo. Mchanganyiko humiminwa katika maji baridi, kisha huvutwa kwa mikono iliyopakwa mafuta hadi uwe manjano hafifu. Asiye na utomvu hukanda udongo wa mfinyanzi na mafuta kidogo. Kwa mkato mdogo hata gundi nyeupe ya seremala hufaa, ila isinyeshewe kabla ya kukauka. Lami na rangi za nyumba ziachwe.

Je, bandiko huponya? Katika miaka ya 1970 Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyepasua magogo mengi kwa msumeno, alionyesha kwamba mti hauponi kama mnyama. Sehemu iliyooza hairudi. Mti huizungushia kuta kwa ndani na kuifunika kwa nje, na kupaka dawa hakuzuii uozo. Hivyo miti mikubwa ya barabarani huachwa bila kupakwa. Katika bonsai kazi ya bandiko ni nyingine: kuilinda ngozi hai iliyo chini ya gome isikaushwe na upepo, maana ndiyo izaayo kovu. Kwa hiyo pembeni ndipo pa kupaka kwa uangalifu, katikati si hoja. Msonobari hujipaka utomvu wake wenyewe. Momiji, mti wa majani mfano wa kiganja, ukikatwa mwishoni mwa majira ya baridi hutoa maji mengi na bandiko halishiki. Heri kungoja majani yakomae.

Yapo pia majeraha yasiyofunikwa kamwe. Katika makumbusho ya bonsai yaliyofunguliwa Omiya mwaka 2010 huonekana mitarakwa ya Kijapani, jamaa ya mtarakwa wa milima ya Kenya, ambayo nusu ya shina ni mti mkavu uliopakwa maji ya chokaa na salfa hadi ukawa mweupe kama mfupa. Kando yake hupanda utepe mwembamba wa gome jekundu, nao ndio unaolisha majani yote ya juu.