Kichwa Kinatokaje Hapo? Staa Alivyoposti Reli Yangu

Leo sina ubuyu wa mtu kuachwa wala kufumaniwa. Nina wangu mwenyewe, na jina la mhusika sitaji hata mkinibembeleza.

Wengi hamjui kwamba nikimaliza kuposti usiku huwa najenga reli. Ndiyo, reli. Kuna gemu ya treni ya bure inaitwa Open Rails, inakubali hata kwenye laptopu yangu ya mtumba, na kuna programu nyingine ya bure ya kujengea njia, TSRE. Nikaamua kujenga stesheni ya Tabora. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi pale, akigeuza pointi na kuunganisha mabehewa mpaka akastaafu. Halafu Tabora ndiyo njia panda yenyewe bana. Reli ya Mjerumani ilitoka Dar ikapita hapo mpaka Kigoma mwaka 1914, tawi la kwenda Mwanza likakamilika 1928. Treni ikifika pale mabehewa yanaachanishwa, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule.

Sasa usidhani kulaza reli kwenye kompyuta ni kuchora mstari kwa kidole. Vipande vinakuja vimeshakatwa, kila kimoja na urefu wake na kona yake. Pointi nayo ni kipande kizima, ya kushoto au ya kulia. Ukitaka njia ya pili pembeni ya njia kuu, unaweka pointi, inakutoa nyuzi 10, unaweka kona ya nyuzi 10 kuirudisha ili njia mbili zilale sambamba, unanyoosha, halafu kule mwisho unarudia yote kinyume ili uingie tena njia kuu. Hapo ndipo kilio kinapoanza. Ukikosea urefu kidogo tu, ncha mbili hazikutani, zinaangaliana kama wapenzi walionuniana. Kuna kipande maalumu unachokipangia mwenyewe urefu na kona cha kuziba pengo, lakini hesabu zake, aisee. Na hata zikikutana, kama hujaiingiza njia kwenye kumbukumbu ya programu, reli unaiona kwa macho ila treni haiijui. Nimewahi kulaza njia mpaka saa tisa usiku, nawasha treni kwa furaha, inafika pale, imeacha reli.

Bado sijasema upana. Reli za kawaida za gemu ni milimita 1435, kama SGR yetu. Reli ya kati ya zamani ni 1000. Wiki nzima niliilaza Tabora kwa upana wa SGR bila kujua, nikabomoa yote nikaanza upya.

Basi, kuna staa mmoja wa mitandaoni, wafuasi kibao, akaona kipande kidogo nilichoposti. Akanifuata inbox: "Dogo unajua sana, nitumie video ndefu nikupe shavu." Nani angekataa? Nikatuma usiku uleule.

Kesho yake nikamwonyesha babu video ileile. Akaivuta simu karibu na uso, akatazama kimya mpaka mwisho, akaniambia irudishe. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, kichwa kikiingia hapa na mabehewa nyuma yake, kinatokaje?"

Nikajifanya sijaelewa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelielewa swali vizuri sana. Njia ile ya pembeni mwisho wake nilishindwa kuuunganisha na njia kuu, nikachoka, nikaweka ghala mbele yake ili kamera isione. Kichwa kikileta mabehewa kinatakiwa kiachie, kitokee mbele, kizunguke kwa njia ya jirani kije kushika upande wa pili. Kwangu kilikuwa kinaingia na kufia humo, ukuta mbele, mabehewa nyuma. Mtu wa pale kaona ndani ya dakika tatu kitu nilichokificha kwa ghala! Nikakesha siku tatu nikaziba pengo na kuweka pointi ya pili. Babu akatikisa kichwa tu, akaenda kulala. Kwake hiyo ni sifa.

Wiki mbili baadaye video imeibuka kwa staa. Maneno juu yake: "Kazi yangu ya miezi 6, nimejenga kimya kimya." Video ile ya kwanza kabisa, na ghala langu la aibu limo! Watu wanamwita jiniasi. Nimekomenti kwa ustaarabu, imefutwa. Nimekomenti tena, imefutwa. Kilichoniuma zaidi, binamu kaitupia kwenye grupu la familia, na babu akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Huyu kijana naye alikaa Tabora?"

Sikujua nimjibu nini. Nikarudi kule nikaandika swali moja tu: "Kaka, kichwa kikiingia njia ya pembeni na mabehewa nyuma, kinatokaje hapo?"

Akajibu: "Kinazunguka."

Kinazunguka wapi, kaka? Nyuma ya ghala? Watu wakalidaka, kila komenti ikawa "kinatokaje hapo", wengine hata hawajui wanauliza nini. Akanibloku. Video bado ipo, jina langu halipo, na shavu sijaliona mpaka leo.

Nikamsimulia babu yote, hadi la kuficha mwisho wa reli. Nilidhani atasema nimshitaki. Akauliza kama yule kijana ameshajua jibu. Nikasema hajajua.

"Usimwambie."

Sasa hivi tuko Kaliua, tawi la Mpanda linapotokea. Jana kanibomolesha pointi mbili, na ghala amelipiga marufuku.